Kuisifu Bidhaa kwa Asiyeiona



Suali lililotufikia mara hii latoka mbali na pwani yetu, latoka Kakamega. Lakini mwenye kuliuliza ni mtoto wa hapa mjini, na alichokiuliza chamhusu kila mwenye duka tangu Lamu hata Vanga. Kijana huyu hatutamtaja jina, kwa kuwa amejifunua mbele yetu kwa kutaka nasaha, wala si kwa kutaka kutangazwa. Aliondoka Mombasa miaka michache iliyopita, akapanga chumba kimoja cha duka mjini Kakamega, akawa auza mabuibui, kanzu, kofia, mitandio, udi na tende. Wateja wa kupita njiani hawakumtosha hata kulipa kodi. Basi akafanya kama wafanyavyo vijana wenziwe: akafungua ukurasa katika Facebook na mwengine katika TikTok, akakusanya nambari za watu katika WhatsApp, na kila asubuhi akatia picha za nguo pamoja na maneno ya kuzisifu. Biashara ikanyanyuka. Leo apeleka vifurushi Mumias, Butere, Bungoma na Busia, na wengi katika wanunuzi wake hajapata kuwaona kwa macho.

Barua yake ni ndefu, nasi twaifupiza. Asema kuwa picha azitiazo si za mabuibui yake. Huzitwaa katika kurasa za wauzaji wa Dubai, kwa kuwa zapendeza. Asema kuwa alipoanza aliwaomba jamaa zake wa Mombasa, ambao hawakununua kwake hata kitambaa cha mkononi, waandike chini ya picha kuwa wamepokea mzigo na wameridhika. Tena kwa shilingi chache alinunua wafuasi elfu kadhaa wasiokuwako duniani, ili mgeni akiutazama ukurasa aone kuwa ni duka kubwa. Na asema kuwa mara nyingi hupokea fedha kwa M-Pesa za nguo ambayo hanayo, kisha ndipo huagiza kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh, Nairobi, apate iliyo karibu nayo. "Wote wafanya hivi," aandika. Na kwa haki yake, neno hilo hakulileta kuwa ni hoja ya kujitetea, amelileta kama mtu alalamikaye mvua.

Kilichomsukuma kuandika ni mwanamke mmoja wa Butere. Alinunua kwake buibui la kuvaa katika harusi ya nduguye, akalipa kwanza, na lilipofika akaliona jepesi, mwanga wapita ndani yake. Hakugomba wala hakudai fedha zake. Alimpelekea maneno machache tu: kuwa alimwamini kwa sababu ni Mwislamu wa pwani. Kijana asema tangu siku hiyo hupitisha usiku akigeuka kitandani, na auliza: je, hii ni biashara aliyoihalalisha Mwenyezi Mungu, ama ni kitu kingine kilichovaa nguo za biashara?

Tulilisoma suali hili katika darsa letu baada ya Isha, na haikuwa rahisi kupata neno moja. Mzee wetu mmoja, ambaye twamheshimu sana, alisema dawa ni kuiacha simu kabisa. Kwamba mitandao hii ya kijamii ni soko la upuzi, mwenye kuingia kuuza nguo hutoka amenunua maasi. Hatukukubaliana naye, na twataraji ataturadhi. Ala yoyote hushika rangi ya mkono uitumiao. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa, mtambo wa chapa ulikuwa ukichapa mema na maovu vilevile, naye hakuona kuwa maovu yaliyochapwa na wengine yamemharamishia wino. Kutangaza bidhaa si jambo la jana. Mnadi amekuwa akizunguka mitaani na kengele yake tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, akiitangaza mali ya watu kwa sauti kuu na kupokea ujira wake, wala hatujasikia mwanachuoni aliyemwambia anyamaze. Mwenye kuilipa kampuni ya Facebook fedha ili tangazo lake lifikishwe kwa watu wa Bungoma amemkodi mnadi, hapana zaidi.

Walakini kuna jambo ambalo mnadi wa zamani hakuwa nalo, na hapo ndipo ilipo khatari yenyewe.

Lugha yetu imelitwaa neno "sifa" kutoka Kiarabu, na kwetu neno hili limekuwa na maana mbili zikaazo nyumba moja. Ya kwanza, sifa ni hali ya kitu jinsi kilivyo: urefu wake, rangi yake, uzito wake, kimetokana na nini. Hii ndiyo wanayoikusudia mafakihi wasemapo kuuza kitu kwa sifa. Ya pili ni kule kusifu, yaani kukipamba kitu kwa maneno. Mwenye kuuza akiwa dukani mwake huitumia zaidi ile ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza mteja huiona mwenyewe. Akisema, "Bibi, nguo hii ni kama hariri," bibi huyo huitia mkononi, akaivuta, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akatazama mshono, kisha akasema, "Hii hariri gani?" na bei ikashuka. Maneno ya muuzaji yameanguka chini. Hatusemi kuwa hakukosea. Twasema kuwa mkono wa mnunuzi ulimlinda.

Katika simu hapana mkono. Mnunuzi hana ila picha na maandishi, na juu ya hayo mawili ndipo atoapo fedha zake. Anunuacho kwa hakika ni sifa. Nguo itakuja baadaye kwa basi. Basi sifa, ambayo dukani ilikuwa ni pambo, huku imekuwa ndiyo bidhaa, na ndiyo kipimo cha bidhaa pia. Ndiyo pishi na ndiyo mizani. Mwenye kutia picha ya buibui la kitambaa kizito akapeleka jepesi amefanya kile kile afanyacho mwenye kupunja pishi ya mchele, na sote twajua ni sura gani katika Qur'ani inayoanza kwa kuwatishia wapunjao.

Twawakumbusha wasomaji kisa wakijuacho. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, yule akasema imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini basi ile iliyorowa hakuiweka juu watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa ni katika watu wake. Wengi hulisoma jambo hili wakaona ni onyo la kughushi, na ndivyo. Nasi twaomba litazamwe jambo la pili ndani yake. Yule muuzaji hakusema uwongo wowote. Hakuisifu nafaka yake. Alinyamaza, akaacha rundo lijisemee kwa uso wake mkavu. Na pamoja na hayo hakuachiliwa, kwa kuwa alikuwa na wajibu wa kuuleta unyevu juu. Sasa, ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika soko ambalo kila mtu aweza kutia mkono wake katika rundo, itakuwaje katika soko ambalo mkono haufiki? Hapana budi mwenye kuuza atie mkono wake mwenyewe kwa niaba ya mnunuzi, autoe, na auonyeshe. Hili ndilo jawabu letu kwa kijana wetu, na yaliyobaki ni matawi yake.

Mafakihi hawakungoja simu ili kulijua tatizo la kuuza kisichoonwa. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakiuziki. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa walikubali kiuzwe, ila wakampa mnunuzi hiari siku atakapokiona: akitaka akichukue, akitaka akirudishe. Na wote wakakubali biashara ya salam, ambayo mtu hulipa fedha kamili leo kwa kitu kitakacholetwa baadaye, kwa sharti kuwa kitu hicho kimeelezwa kwa sifa zake pasina utata. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende za mwaka mmoja na miwili mbele. Hakuwazuia, bali aliwataka wafanye kwa kipimo kijulikanacho, uzani ujulikanao na muda ujulikanao.

Kwa hivyo lile la kupokea fedha za nguo ambayo bado haijafika dukani tumelitazama sana, nasi hatukuliona kuwa lenyewe ndilo tatizo, iwapo yatatimizwa masharti ya salam. Tatizo li katika maneno mawili ya barua yake, nayo ni "iliyo karibu." Aliyelipia salam hakununua kilicho karibu. Amenunua kile kilichoelezwa. Kijana na aandike kitambaa ni cha namna gani, chaonyesha ama hakionyeshi, urefu ni inchi ngapi, rangi ni ipi mchana na ipi usiku, kimeshonwa wapi, na kitafika siku gani. Na kisipopatikana hicho, fedha zirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo bila ya kuombwa. Na juu ya hayo ampe mnunuzi hiari ya kurudisha akionapo, ijapokuwa nauli ya kifurushi itamuuma. Akiuliza kuwa sheria ya nchi yasemaje, Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo yakataza maelezo ya uwongo juu ya bidhaa, na ina sehemu mahsusi juu ya mapatano yafanywayo kwa intaneti. Lakini hatupendi Mwislamu awe mkweli kwa ajili ya hakimu.

Ama wale jamaa waliosifu wasichokinunua, jambo lao lina jina, na jina lake ni la kale. Waarabu waliliita najash: mtu husimama mnadani hana nia ya kununua, akapandisha bei ili mwenye nia adanganyike. Mtume alilikataza wazi. Jamaa wa kijana wetu watasema, "Sisi tulimsaidia nduguyetu tu, wala hatukula senti." Najash wa kale naye aghalabu alikuwa rafiki wa mwenye mali. Tofauti ni kuwa yeye alimdanganya mtu mmoja kwa siku moja, mnada ukavunjika, yakaisha. Hali huyu wa leo huandika mara moja, na maneno yake hubaki pale yakiendelea kudanganya naye amelala.

Tena iko dhulma nyingine ndani yake ambayo wengi hawaijui, nasi pia hatukuijua mpaka kijana mmoja wa darsa, mjuzi wa mambo hayo, alipotueleza. Kampuni hizi hazipati riziki zao kwa kuuza mabuibui. Bidhaa yao ni macho ya watu, na mnunuzi wa macho hayo ni mwenye tangazo. Kwa hivyo mitambo yao hutazama ni picha gani watu wameikalia, wameipenda, wameijadili. Hiyo huipandisha na kuwaonyesha watu zaidi, na ile isiyotazamwa huididimiza. Basi mwenye kununua wafuasi wa uwongo na sifa za uwongo hamdanganyi mnunuzi peke yake. Audanganya mtambo pia, na kwa udanganyifu huo amsukuma chini jirani yake muuza nguo ambaye hakununua kitu. Huyo jirani hatajua kamwe kwa nini wateja hawamfikii. Atadhani ni riziki yake imekuwa finyu.

Na wale walipwao ili wasifu, vijana wenye wafuasi wengi ambao huvaa nguo ya duka fulani wakaitaja kwa furaha? Kumlipa mtu akutangazie ni ujira wa mnadi, kama tulivyosema. Lakini mnadi ana kengele mkononi, na kila mtu ajua kuwa amelipwa. Huyu hujifanya rafiki apitaye njiani. Na aseme wazi kuwa amelipwa, kisha asifu alichokiona kwa kweli. Zaidi ya hapo ni ushahidi wa kununuliwa.

Kuna jambo dogo la picha za wateja, na twalipitia upesi. Baadhi ya wenye maduka humpiga picha mwanamke aliyekuja kupima nguo wakamtia katika ukurasa bila ya ruhusa yake. Yatosha kuwa heshima ya mtu si mali ya duka. Asiyetosheka na hilo ajue kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kuwa mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazee wao, na mahali pamoja pa starehe mjini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja.

Sasa turejee kwa yule mwanamke wa Butere, kwa kuwa neno lake ni zito kuliko faini hizo.

Nchi ile haikuwajua watu wa pwani jana. Mumias, makao ya Nabongo wa Wawanga, ilikuwa kituo cha misafara ya pwani katika karne ya 19. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi, alipofika huko mwaka 1883 alifuata njia waliyokwisha kuijua wafanyi biashara wa kwetu. Walikwenda kutafuta pembe za ndovu. Hatutajisifu kuwa wote walikuwa wema; kumbukumbu za watu wa bara juu ya misafara ile si zote tamu, na asiyejua na aulize wazee wa huko. Lakini pamoja na shanga na nguo misafara hiyo ilipeleka Uislamu, na kutoka Mumias dini ikaenea katika nchi yote ya magharibi ya Kenya, kabla ya kuwako shule ya kuifundisha wala kitabu cha kuisoma kwa lugha ya watu. Watu wale waliisomaje dini? Waliisoma katika mwenendo wa wafanyi biashara. Walitazama ni nani ahesabuye mbele ya mwenziwe, na ni nani agawaye alichoahidi. Hilo ndilo lililobaki hata mwanamke wa leo, katika mwaka huu wetu, atoe fedha zake kwa mtu asiyemwona, kwa dhamana ya kuwa ni Mwislamu wa pwani. Kijana wetu hakuijenga dhamana hiyo, ameirithi. Ni akiba iliyowekwa na watu wa vizazi vingi, naye aliitoa na kuitumia kwa buibui moja jepesi.

Kakamega yenyewe yajua habari ya sifa kukitangulia kitu. Mwaka 1931 ilipovumbuliwa dhahabu huko, sifa zilienea koloni yote, na katika mwaka uliofuata walowezi wa Kizungu waliovunjika kwa kuanguka bei za mazao wakamiminika na majembe na mahema. Wako waliopata, wengi waliondoka mikono mitupu, na wenyeji ndio waliobaki na ardhi iliyotobolewa mashimo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na leo jina hilo ni jina la mtaa. Tumelitaja hili kwa kupita tu.

Kuna watakaotuuliza: je, mkisema hivi kijana atakula nini? Jirani yake atatia picha ya Dubai, yeye atatia picha ya buibui lake lililotundikwa msumarini, nani atakayenunuliwa? Hili ni suali la haki na hatulidharau. Hatutamdanganya kuwa ukweli huleta faida mwezi ule ule. Aweza kupoteza wateja. Aweza kushindwa kulipa kodi na akarudi Mombasa kwa mamake. Tulilojifunza ni kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha baraka huondoka. Lakini baraka haikuahidiwa kuja kwa sura ya wafuasi wengi. Tujuavyo ni kuwa mwenye kununua kwa picha ya uwongo hununua mara moja, na mji kama Kakamega si bahari isiyo na mwisho: watu wa Butere na wa Mumias wakutana harusini na matangani, na wana midomo. Ila hatutaki kuitegemea sana hoja hii. Ingekuwa uwongo una faida mpaka mwisho wa dunia, bado ungekuwa uwongo.

Limebaki lililokuwa gumu kuliko yote, nalo kijana hakuliuliza. Sisi ndio tuliomuuliza. Waliokwisha nunua je?

Husimuliwa kuwa Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa muuza nguo katika mji wa Kufa, alimpelekea mshirika wake nguo na kumwambia kuwa moja katika hizo ina dosari, naye ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza bila ya kusema, wala hakumjua mnunuzi ni nani. Imam alipopata habari alitoa sadaka thamani ya nguo zote. Alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na njia ya kumfikia mwenye haki. Na huu ndio uliokuwa udhuru wa wafanyi biashara wengi waliotubia: wateja walikuwa wapita njia, wamekwenda zao, haijulikani ni nani wala wako wapi, hivyo wakatoa sadaka na kuomba msamaha.

Muuzaji wa simu hana udhuru huo. Simu ile ile iliyomfikisha kwa mnunuzi imemwandikia jina lake, nambari yake, siku aliyolipa na kiasi alicholipa mpaka shilingi ya mwisho. Aliowapunja anao mfukoni. Toba yake ina anwani. Tulimwandikia hivyo kwa adabu, tukijua tulichokuwa twamwomba, kwa kuwa mtaji wake wote si mkubwa na kodi ya duka haimngoji.

Jawabu lake lilifika baada ya wiki sita. Asema kwanza aliwataka jamaa zake wafute sifa zao, wakafuta, mmoja kwa kununa. Asema ule ukurasa wenye wafuasi wa kununuliwa ameufunga, akaanza mwengine kwa jina la duka lake. Kisha alikaa na taarifa za M-Pesa kwa siku mbili, akaandika katika daftari jina la kila mtu aliyepelekewa nguo isiyofanana na picha, wakawa 41. Alimwandikia kila mmoja kuwa picha haikuwa ya nguo ile, na kuwa arudishe akitaka apewe fedha zake, ama abaki nayo apunguziwe. Wengi walisema wameridhika na nguo zao na wakamwombea dua. Wengine hawakujibu. Wanane walirudisha, na mmoja katika hao alirudisha buibui lililokwisha valiwa hata likapauka, naye akamlipa kwa kuwa hakuona njia ya kumkatalia. Udi uliokuwa dukani ameuza kwa bei ya kununulia ili apate fedha hizo. Deni la kodi ni la miezi miwili, na mwenye nyumba amemvumilia mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Yule mwanamke wa Butere hakungoja amjibu. Alimpelekea fedha zake zote kwa M-Pesa pamoja na maneno ya kumtaka radhi, naye hajamwandikia lolote.

Picha atiazo sasa hupiga mwenyewe mlangoni mwa duka wakati wa adhuhuri, mkono wake umewekwa nyuma ya kitambaa, ili mwenye kutazama aone mkono waonekana kiasi gani. Ya wiki iliyopita, asema, ilitazamwa na watu 19.